Jina la mashindano ya mashua ya Lamu lisiuzwe kwa pupa

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mashindano unapokaribia, manahodha wakaanza kupandisha mashua pwani kuzipaka deheni, hapa Lamu hurudi mazungumzo yale yale: itafutwe kampuni moja kubwa, igharimie kila kitu, na mashindano yaitwe kwa jina lake. Wanaolitaka jambo hili wana hoja. Kitambaa cha tanga ni ghali, kamba ni ghali, na zawadi ya mshindi mara nyingi haifidii alichotumia mwenye chombo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze udhamini wa namna hiyo unavyofanya kazi, kwa sababu kuna mchezo mmoja duniani ulioujaribu kwa karibu miaka 50 na makosa yake yote yako wazi. Ni mashindano ya NASCAR ya Marekani, yale ya magari yenye sura ya magari ya kawaida yanayozunguka kiwanja cha duara dufu kwa mamia ya maili.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi. Kule, udhamini si kitu kimoja. Ngazi ya juu ni jina la msimu mzima. Chini yake kuna jina la shindano moja moja: lile la maili 600 la Charlotte lilianza mwaka 1960 likiitwa World 600, na leo ni Coca-Cola 600. Kuna jina la kiwanja. Halafu kuna gari lenyewe. Anayelipa zaidi huchukua boneti, ubavu wa nyuma na rangi ya gari zima, na wadogo hugawana nafasi zilizobaki. Mwisho kabisa ni zile stika ndogo zilizopangwa kwenye madigadi ya mbele, za watengenezaji wa plagi, breki na vilainishi. Usipoibandika stika ya kampuni fulani, zawadi ya kampuni hiyo huipati hata ukishinda.

La muhimu katika ngazi hizi ni mfuko unaoingia pesa. Pesa za jina la msimu huenda kwa chama kinachosimamia mashindano, na sehemu yake hurudi kwa washindani kama zawadi mwisho wa msimu. Pesa za boneti huenda kwa mwenye timu, na ndizo zinazonunua injini na matairi kabla hata gari halijawashwa. Mfuko wa kwanza ukijazwa kwa kuutoboa wa pili, mashindano yatakuwa na jina zuri lakini magari yatapungua. Kila nitakalolisema kuhusu Lamu linatokana na tofauti hiyo.

Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuondoa matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni, ikaanza kutumika Januari 1971. Kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ikabaki na bajeti ya matangazo isiyo na pa kwenda. Junior Johnson, dereva wa zamani aliyekuwa sasa na timu yake, alikwenda kwao kuomba udhamini wa gari moja. Kwa fedha walizokuwa nazo, gari moja lilikuwa dogo mno, wakaona wadhamini mashindano yote. Ndipo lilipoingia jina la Winston, sigara yao, likakaa tangu 1971 hadi 2003.

Wafanyakazi wa kampuni ile walifanya kazi ya kusifiwa. Hawakulipa tu wakasubiri picha zao gazetini. Walikwenda kwenye viwanja vidogo vilivyochakaa wakavipatia rangi, nyekundu na nyeupe, wakapaka kuta na kuweka mabango mapya. Mwaka 1985 walitangaza dola milioni 1 kwa dereva atakayeshinda mashindano 3 kati ya 4 makubwa, na Bill Elliott akazichukua mwaka huo huo. Mdhamini wa namna hiyo anajua kwamba ada ya jina ni mwanzo tu, na kwamba lazima atenge fungu jingine la kulifanya jina lionekane. Kampuni ikija Lamu na hundi ya jina peke yake, bila fungu la zawadi, la mabango na la watu wa kusimamia, tujue imeleta nusu ya gharama.

Lakini mdhamini mkubwa hubadilisha mchezo. Ratiba ya 1971 ilikuwa na mashindano 48. Ya 1972 ilibaki na 31, na yaliyoachwa yalikuwa ya masafa mafupi, chini ya maili 250, ambayo mengi yalikuwa ya viwanja vidogo. Kuna waliofaidika na kuna miji iliyopoteza mashindano yake moja kwa moja. Jina la asili nalo likaliwa kidogo kidogo. Tangu 1950 mashindano yale yaliitwa Grand National. Winston ilipoingia, majina mawili yaliandikwa pamoja. Mwaka 1986 Grand National likaondolewa kwenye daraja la juu na kupewa daraja la pili. Halikupigiwa kura mahali popote. Lilifupishwa tu, kama mtu anavyofupisha jina refu kwenye tiketi, hadi likaisha.

Tangu hapo kila mdhamini aliyeondoka aliondoka na jina. Nextel, kampuni ya simu, iliingia 2004 kwa mkataba wa miaka 10. Mwaka 2005 kampuni hiyo ikaungana na Sprint, kampuni nyingine ya simu, na kuanzia 2008 kombe likaitwa Sprint. Monster Energy ikafuata 2017 hadi 2019. Jimmie Johnson alikuwa bingwa miaka 5 mfululizo, 2006 hadi 2010, ila vikombe vyake viwili vya kwanza vina jina moja na vitatu vina jina jingine, kwa sababu ya kampuni kuungana huko mbali na kiwanja. Mwaka 2020 waliacha kabisa kuuza jina la daraja la juu. Sasa ni NASCAR Cup, na wakaweka washirika wanne walio sawa: Busch, Coca-Cola, Geico na Xfinity. Madaraja mawili ya chini bado yanauzwa jina, ila kule juu waliona jina lao wenyewe lina thamani kubwa kuliko pesa za kulikodisha.

Hapa kwetu mfano upo pia. Safari Rally ilianza 1953. Miaka ya 1980 ilibeba jina la Marlboro, na mwaka 2002 la Inmarsat, lakini neno Safari halikuguswa, ndiyo maana iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kila mtu alijua kilichorudi. Ligi kuu ya kandanda haikuwa na bahati hiyo. SportPesa iliondoka 2019 kampuni ilipogongana na serikali kuhusu kodi na leseni. BetKing ikaja 2020 na mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 1.2, ukavunjika 2021. Vilabu vilivyokuwa vimepanga bajeti kwa kuutegemea mkataba huo viliachwa vinatafuta nauli ya basi.

Sasa nije kwenye kifungu kinachonipa wasiwasi kuliko vyote, kile cha upekee. Kampuni ya simu ikinunua jina, itataka kampuni nyingine yoyote ya simu isionekane kwenye mashindano. Benki itataka hivyo, na mwenye soda pia. Kwa mtazamo wa mnunuzi ni haki: hawezi kulipia jina halafu mshindi avuke mstari na tanga la mshindani wake. Tabu ni kwamba wadhamini wadogo walishaingia kabla yake.

Nextel ilipoingia 2004, magari mawili yalikuwa tayari na wadhamini wa simu, Cingular na Alltel. Walikubaliwa wabaki. Mwisho wa 2006 Cingular ikawa mali ya kampuni kubwa ya simu ya AT&T peke yake, na AT&T ikataka kubadilisha jina kwenye gari namba 31 la Jeff Burton. NASCAR ikakataa: aliyeruhusiwa ni Cingular, si AT&T. Machi 2007 kesi ikafunguliwa Atlanta. Mei jaji akawaruhusu AT&T kubandika jina. Agosti mahakama ya rufaa ikaifuta amri ile, na Burton akashindana Bristol na gari ambalo nafasi ya mdhamini wake ilikuwa tupu. Septemba wakapatana kwamba AT&T ibaki hadi mwisho wa 2008, kisha itoke. Chanzo cha yote hayo ni kwamba ruhusa iliandikwa kwa jina la kampuni, na hakuna sentensi iliyosema jina hilo likibadilika au kampuni ikinunuliwa itakuwaje.

Upekee hufika hata kwenye chupa. Baada ya shindano la Pocono mwaka 2004, Jimmie Johnson, ambaye alikuwa na mkataba na kinywaji kingine, aliweka kibao cha mdhamini wake mbele ya chupa za Powerade, kinywaji cha mdhamini wa mashindano, zilizokuwa zimepangwa juu ya gari kwa ajili ya picha. Alitozwa faini ya dola 10,000. Fikiria nahodha wa Matondoni ameshinda, anatweta, kijana amempa maji ya chapa isiyotakiwa, na mpiga picha yuko mbele yake. Je, atatozwa? Na nani? Hilo liandikwe kabla, na mimi napendekeza iandikwe kwamba nahodha na mabaharia hawatozwi chochote kwa wanachokunywa wala wanachovaa. Mkataba ni kati ya mdhamini na waandalizi. Wao hawakutia sahihi.

Hapa Lamu nafasi ya boneti ni tanga. Anayemnunulia nahodha tanga ni mwenye nyumba ya wageni Shela, mwenye duka Langoni, au wenye mashua za watalii. Wengine hutoa kamba tu, au pamba na mafuta ya kalafati. Ni pesa ndogo, lakini huja kabla ya mashindano, wakati chombo kiko mchangani na kinahitaji kazi. Mdhamini wa jina akiachiwa upekee usio na mipaka, huyu mwenye duka anayeuza soda ya upande wa pili ataambiwa aondoe alama yake, na mwaka ujao hatarudi. Kwa hiyo upekee uhusu bango la mwanzo, bango la mwisho na jukwaa la zawadi. Usihusu matanga. Ikishindikana, orodha ya wadhamini wote wa vyombo, chombo kwa chombo, iambatishwe kwenye mkataba, na iandikwe kwamba haki yao inafuata biashara hata ikibadili jina, ikiuzwa au ikirithiwa.

Kuhusu tanga lenyewe, watu wa matangazo wanaotoka bara hufikiri ni ubao. Siyo. Boneti ina uso mmoja, tanga lina nyuso mbili na jua hupita katikati yake. Ukiandika neno upande mmoja, upande wa pili litasomeka kinyume. Ukiandika pande zote mbili mahali pamoja, herufi huingiliana na kutoka Mkomani huoni ila doa. Kosa la pili ni rangi ya mafuta. Huufanya mardufu mzito na mgumu, hasa kwenye tumbo la tanga panapotakiwa kujaa, na kitambaa hukatika pale rangi inapoishia kwa sababu upande mmoja unanyumbulika na mwingine haunyumbuliki. Njia nzuri ni kukata alama kwa kitambaa chepesi na kuishona ukingoni kwa kufuata mishono ya tanga. Alama iwe ile isiyo na kulia wala kushoto, kama duara au nyota, ili mashua ikibisha na foromali, mti unaobeba tanga, ikahamia upande wa pili wa mlingoti ionekane vile vile. Iwekwe theluthi ya juu. Chini huzibwa na mabaharia waliokaa ukingoni kuulalia upepo.

Matanga yote yasivikwe rangi moja ya mdhamini. Mashua kumi zenye tanga moja haziwezi kutofautishwa na mtu aliyekaa gatini, na waamuzi pia watakosea kwenye kona. NASCAR huilinda namba ya gari: iko mlangoni na juu ya paa, kubwa. Hata mwaka 2022 walipoisogeza mbele mlangoni kumpisha mdhamini, ilibaki mlangoni na juu ya paa. Alama ya chombo ipewe ulinzi huo huo.

Tarehe nayo isiachwe mikononi mwa ofisi ya matangazo. Bamvua ya kwetu, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa alfajiri na alasiri, na maji hukauka mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Mdhamini anayetaka bendera iangushwe saa nne ya Jumamosi yenye mwezi mpevu, kwa kuwa ndipo wageni wake watakuwa wameshuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, atapata mashua zimekaa mchangani na mkondo kati ya Lamu na Manda umebaki mwembamba. Siku saba baadaye, kwenye maji mafu, maji hujaa asubuhi ile ile, ingawa si mengi. Kifungu kiseme hivi: tarehe na saa huamuliwa na manahodha kwa kuangalia maji na upepo, na mdhamini hujulishwa siku 60 kabla. Na mashindano yakiahirishwa kwa ajili ya upepo, hakuna shilingi inayokatwa.

Jambo la kuta sitalirefusha. Winston ilipaka viwanja rangi na ikashukuriwa. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizipaka rangi ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea, chokaa huvimba na kubanduka. Mabango yawe ya kitambaa, yafungwe kwa kamba kwenye nguzo, yapate idhini mapema, na yashushwe ndani ya siku 2.

Aina ya biashara pia itajwe. Sigara zimekatazwa na sheria ya 2007 ya kudhibiti tumbaku, kwa hiyo hakuna mjadala. Pombe na kamari ni juu ya watu wa Lamu kuamua, na wengi wetu tunalijua jibu la mji huu. Liandikwe, lisiachwe kwa adabu ya mnunuzi, maana kampuni isiyouza vitu hivyo leo inaweza kununuliwa kesho na inayoviuza.

Kwa upande wa malipo, pendekezo langu ni nusu siku ya kutia sahihi, asilimia 40 siku 30 kabla ya mashindano, na 10 baada ya ripoti. Itajwe kama VAT ya asilimia 16 imo ndani ya kiasi kilichotajwa au iko juu yake, maana kiasi hicho kikipuuzwa hutoka kwenye zawadi. Katika kila shilingi 100 za jina, angalau 40 ziende moja kwa moja kwa vyombo vilivyojiandikisha, vya mwisho pia, kabla ya bendera. Wa mwisho naye amenunua kamba. Mdhamini anayetaka kujitoa atoe notisi ya miezi 12, na jina lake likiondoka lisiondoke na kikombe.

Jina lenyewe liwe Mashindano ya Mashua ya Lamu, kwanza na kwa ukamilifu, na jina la mdhamini lifuate baada ya neno "kwa udhamini wa", kwa herufi zisizozidi nusu ya ukubwa. Liwe hivyo kwenye bango, kwenye fulana, redioni na kwenye cheti cha mshindi. Mdhamini wa pekee akikataa sharti hilo, tutafute wanne wadogo walio sawa.

Ngozi ivute ili maji. Waandalizi nawaomba, rasimu yoyote ya mkataba itafsiriwe kwa Kiswahili na isomwe hadharani Langoni, Shela, Matondoni na Kipungani, manahodha na mafundi wa matanga wakiwepo, wiki 2 kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Wako,
Msomaji, Mkomani, Lamu